Mfumo Unapokatika: Vikao vya Kanzidata, Mawasiliano ya Mbali na Usalama wa Mgonjwa

Saa tatu asubuhi, katika wodi ya watoto ya kituo kimoja cha afya mjini Songea, muuguzi anamaliza kumpa mtoto mwenye malaria kali sindano ya kwanza ya artesunate. Anageukia kompyuta, anaandika dozi na saa, kisha anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Skrini inaganda. Kiduara kinazunguka kwa muda, halafu yanatokea maandishi mekundu: mawasiliano na seva yamekatika. Je, dozi imeandikwa au haijaandikwa? Muuguzi hajui. Jambo ambalo watumiaji wengi hawalifahamu ni kwamba hata kompyuta iliyo mbele yake haijui.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hali yenyewe inafahamika kwa kila mhudumu aliyewahi kufanya kazi kwa kutumia mfumo wa kielektroniki. Uzito wake unaonekana usiku. Sindano ya artesunate hutolewa tiba inapoanza, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Iwapo dozi ya asubuhi haikuandikwa, muuguzi wa zamu ya usiku atakuta mtoto ambaye, kwa mujibu wa mfumo, tiba yake haijaanza. Iwapo iliandikwa mara mbili, atakuta mtoto aliyekwisha kupata dozi mbili, na huenda ile ya saa tatu usiku isitolewe. Hitilafu iliyoanzia kwenye waya inaishia kitandani kwa mgonjwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini mawasiliano kati ya kompyuta za kituo na kanzidata hukatika, nini hutokea kwa taarifa iliyokuwa njiani, na namna ya kulitafuta tatizo kwa utaratibu. Hoja kuu ni hii: mawasiliano yanapokatika, wajibu wa kwanza wa mhudumu ni kuhakiki kilichoandikwa kabla ya kurudia, na wajibu wa kwanza wa afisa TEHAMA ni kukitambua kiungo kilichokatika kabla ya kuzima chochote.

Safari ya taarifa

Kwa kawaida kompyuta ya wodini haihifadhi taarifa za mgonjwa ndani yake. Hiyo ni dirisha tu. Taarifa zenyewe zimo katika kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu lililopangwa kwa utaratibu, na ghala hilo limo ndani ya kompyuta nyingine iitwayo seva. Seva yaweza kuwa ndani ya kituo chenyewe, chumba cha tatu kutoka wodini. Yaweza pia kuwa mamia ya kilomita kutoka Songea.

Kituo kimoja hutumia mifumo kadhaa kwa wakati mmoja. Mfumo wa Serikali wa uendeshaji wa huduma za hospitali, GoT-HoMIS, unatumika katika vituo vingi vya umma nchini. Takwimu za MTUHA huingizwa katika mfumo wa kitaifa unaoendeshwa kwa programu ya DHIS2. Mwanachama wa NHIF huhakikiwa mapokezini kwa njia ya mtandao. Kila mfumo una njia yake, na mmoja unaweza kukatika huku mwingine ukiendelea kufanya kazi. Kwa sababu hiyo kauli iliyozoeleka, "mtandao hakuna", haimsaidii fundi. Swali la kwanza ni: mtandao upi, kutoka wapi kwenda wapi?

Kutoka kwenye kibodi hadi kwenye seva ya mbali, taarifa hupita katika waya wa kompyuta au waifai, swichi ya jengo, ruta ya kituo, mtambo wa kampuni ya simu au Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kisha ruta ya upande wa pili, programu yenyewe, na mwisho kanzidata. Wengi hudhani kwamba Songea ina shida kwa sababu iko mbali. Umbali peke yake si kikwazo. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Barabara ya Songea hadi Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 900. Hata mkongo ukizunguka hadi kufikia kilomita 1,500, mwanga utakwenda na kurudi katika sehemu 15 za elfu moja za sekunde, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kinachosumbua ni wingi wa viungo vilivyo njiani. Kila kiungo kina umeme wake, mipangilio yake na mwenyewe wake, na kimoja kikilegea mnyororo wote hukatika.

Kikao ni nini

Mhudumu anapoingia kwenye mfumo kwa jina na neno la siri, kompyuta yake na seva huanza mazungumzo. Wataalamu huyaita mazungumzo hayo kikao. Ndani ya kikao seva humkumbuka mhudumu, huzikumbuka ruhusa alizonazo, na huikumbuka kazi aliyoianza ila hajaimaliza. Kikao kikifungwa vizuri, kila upande huaga na nafasi hurudishwa.

Taabu huanza kikao kinapokatika bila kuaga. Ni kama watu wawili wanaozungumza kwa simu, kisha simu ya mmoja ikaisha chaji. Huyu wa pili hubaki ameshikilia simu yake sikioni, akidhani mwenzake amenyamaza tu. Seva nayo hufanya hivyo. Kompyuta ya wodini ikizimika ghafla, hakuna ujumbe wowote unaotumwa kuarifu kwamba imezimika, na seva huendelea kukishikilia kikao cha mtu asiyekuwepo.

Itashikilia kwa muda gani? Kwa mipangilio ya awali ya mfumo endeshi wa Linux, seva huanza kuuliza iwapo mwenzake yupo baada ya kimya cha saa 2, hurudia swali hilo mara 9 kila baada ya sekunde 75, ndipo hukata tamaa. Nayo kanzidata ya MySQL, isipobadilishwa mipangilio, huvumilia kikao kilicho kimya kwa sekunde 28,800, yaani saa 8, ambazo ni karibu zamu nzima ya kazi. Namba hizi hubadilishwa na msimamizi wa mfumo, lakini mahali ambapo hakuna aliyezigusa hubaki zilivyo, nazo hazikuwekwa kwa kuwazia kituo cha afya ambacho umeme wake hukatika na kurudi.

Imeandikwa au haijaandikwa?

Turudi kwa muuguzi wetu. Kanzidata iliyoundwa vizuri huipokea kazi yake kwa kanuni ya muamala. Muamala ni kifurushi cha mabadiliko ambacho ama hukubaliwa chote, ama hukataliwa chote. Kuandika dozi, kupunguza idadi ya dawa kwenye akiba na kuongeza gharama kwenye ankara ni mambo matatu yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. Kanzidata haitapunguza dawa bila kuandika dozi, mradi mtengenezaji wa programu aliyafunga mambo hayo pamoja.

Mawasiliano yakikatika, moja kati ya mambo matatu huwa limetokea. La kwanza, ombi halikufika kabisa kwenye seva, hakuna kilichoandikwa. La pili, ombi lilifika lakini muamala ulikatizwa kabla ya kuthibitishwa. Kanzidata huyafuta mabadiliko yote na kurudi ilivyokuwa. La tatu, ombi lilifika, muamala ukathibitishwa na dozi ikaandikwa, ila jibu la kusema "tayari" ndilo lililopotea njiani likirudi. Katika hali zote tatu muuguzi huona maandishi yaleyale mekundu.

Watanzania wengi wanalijua jambo hili kupitia huduma za fedha kwa simu. Mtu akituma pesa na asipate ujumbe wa uthibitisho, hatumi tena papo hapo. Kwanza hutazama salio. Akikuta limepungua, hujua pesa zimekwenda na ni ujumbe tu uliochelewa. Tahadhari hiyohiyo inafaa wodini. Kabla ya kubonyeza tena, mhudumu afungue upya jalada la mgonjwa na kusoma kilichomo. Kubonyeza mara tatu kwa hasira kunaweza kuzaa vipimo vitatu vya maabara, ankara tatu, au dozi tatu katika kumbukumbu ya mtoto aliyepata moja.

Watengenezaji wa mifumo wana wajibu wao pia. Programu inaweza kulipa kila ombi namba yake ya pekee, ili ombi hilohilo likifika mara ya pili seva ilitambue na kujibu "hili nimekwisha kulipokea" bila kuandika upya. Uongozi wa kituo unaponunua au kupokea mfumo mpya, swali hili liulizwe mapema: mtumiaji akibonyeza mara mbili, nini hutokea?

Sababu za kukatika

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo ya kuchunguzwa mwanzo, ni umeme na vifaa vya ndani. Kwa miaka mingi Songea ilitegemea jenereta za dizeli. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliuunganisha mji huo na gridi ya taifa mwaka 2018, na hali ikawa bora. Hata hivyo, umeme unaopotea kwa sekunde mbili tu huzima swichi na ruta, navyo huchukua dakika kadhaa kuamka. Vituo vingi huweka betri ya akiba kwenye seva na kusahau swichi ndogo iliyotundikwa ukutani mwa korido. Seva hubaki hai, kompyuta mpakato za wodini hubaki hai kwa betri zake, lakini daraja kati yao limevunjika. Msimu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, huja na radi. Waya mrefu wa mtandao unaounganisha majengo mawili kwa kupita hewani unaweza kuvuta msukumo wa umeme na kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Wakati mwingine chanzo ni kidogo zaidi: kichwa cha waya kilicholegea, au panya.

Sababu ya pili ni ukimya. Ruta ya kituo, na mitambo ya kampuni za simu, hutunza orodha ya mazungumzo yanayoendelea ili kujua jibu la nani lirudi kwa nani. Orodha hiyo haina nafasi isiyo na mwisho. Mazungumzo yaliyokaa kimya hufutwa, na katika mitandao ya simu hilo hutokea hata baada ya dakika chache. Daktari anayemsikiliza mgonjwa kwa dakika ishirini bila kugusa kibodi anaporudi kuandika hukuta kikao kimekufa, ingawa intaneti ni nzima na simu yake inapokea ujumbe kama kawaida. Dalili ya sababu hii ni kwamba kukatika hutokea baada ya muda uleule wa kimya kila mara, na kuingia upya hufaulu mara moja. Tiba yake ni programu kutuma ishara ndogo ya uhai kila baada ya dakika moja au mbili, ili orodha isimsahau.

Sababu ya tatu ni kujaa kwa nafasi. Kanzidata huweka kikomo cha vikao inavyovipokea kwa wakati mmoja: kwa mipangilio ya awali PostgreSQL hupokea 100, na MySQL 151. Tuseme kituo kina kompyuta 60, kila moja ikiunganishwa moja kwa moja na kanzidata ya PostgreSQL, na seva inalindwa na betri. Umeme unapotea kwa dakika tano. Vikao 60 vinakufa bila kuaga, lakini seva bado inavishikilia. Umeme unarudi, na wahudumu 60 wanaingia kwa pamoja. Sasa zinahitajika nafasi 120. Takribani arobaini wa kwanza wanaingia, na waliobaki wanaambiwa kwamba miunganisho imezidi. Kituo kizima kinalalamika kwamba mtandao ni mbovu, kumbe mtandao umekwisha kupona. Katika mifumo inayotumia kivinjari, programu ya seva husimama katikati na kugawa miunganisho michache kwa watumiaji wengi, hivyo tatizo hupungua. Lakini mgawaji naye akipangiwa idadi isiyotosha, foleni hurudi palepale.

Sababu ya nne ni kufuli. Mfamasia anapoanza kubadilisha idadi ya dawa fulani kwenye akiba, kanzidata huifunga kumbukumbu hiyo ili mtu mwingine asiibadilishe kwa wakati uleule. Kikao cha mfamasia kikifa katikati ya muamala, kufuli linaweza kubaki hadi seva itakapotambua kifo hicho. Madirisha mengine ya dawa husubiri. Jedwali za MySQL za aina ya InnoDB husubiri sekunde 50 kwa mipangilio ya awali, kisha hutoa kosa. Dalili yake ni ya pekee: kazi moja tu imesimama, kwa mfano kutoa dawa ya aina moja, huku mambo mengine yote yakiendelea.

Sababu ya tano iko mbali, nje ya uwezo wa kituo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoguswa zaidi. Tukio hilo linafundisha kutofautisha njia. Mfumo ambao seva yake iko ndani ya kituo hauhitaji bahari hata kidogo. Mfumo ambao seva yake iko mahali pengine nchini unaweza kuendelea iwapo njia yake yote haivuki mipaka. Mfumo uliowekwa ng'ambo huanguka. Kituo kinachojua seva ya kila mfumo iko wapi hutambua ndani ya dakika moja kipi cha kusubiri na kipi cha kutengeneza.

Kulitafuta tatizo kwa utaratibu

Kosa la kawaida ni kukimbilia kuzima na kuwasha seva. Kuzima kunaweza kuondoa dalili, lakini hukata hata vikao vilivyokuwa vizima, huongeza idadi ya miamala iliyokatizwa, na huondoa ushahidi ambao ungeonyesha chanzo. Ni bora kuanzia karibu na kwenda mbali, hatua kwa hatua.

1. Uliza jirani. Je, ni kompyuta moja, chumba kimoja, jengo moja au kituo kizima? Jibu la swali hili peke yake huondoa nusu ya sababu.

2. Tazama taa. Swichi na ruta zina taa ndogo zinazowaka pale waya ulipounganishwa. Taa iliyozimika huonyesha waya, kifaa au umeme wa mahali hapo.

3. Ita ruta, kisha ita seva. Amri ya ping hutuma ujumbe mdogo na kungoja jibu. Ruta ikijibu na seva isijibu, tatizo liko kati yao au kwenye seva yenyewe, ingawa zipo seva zilizopangwa zisijibu amri hiyo. Majibu yakija machache na mengine kupotea, shuku waya uliolegea au waifai dhaifu.

4. Fungua ukurasa wa kuingilia. Ukurasa ukifunguka lakini kuingia kukashindikana, mtandao ni mzima. Tazama programu na kanzidata.

5. Tazama orodha ya vikao. Afisa mwenye ruhusa hutumia SHOW PROCESSLIST katika MySQL, au pg_stat_activity katika PostgreSQL. Orodha huonyesha nani ameunganishwa na amekaa kimya kwa muda gani. Kikao kilichokufa hufungwa kimoja kimoja, baada ya kuhakikisha kwamba mwenyewe hayupo.

6. Andika. Saa ya kukatika, saa ya kurudi, waliokumbwa, hali ya umeme na ya hewa, na maneno halisi ya kosa. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo huonyesha kile ambacho siku moja haiwezi kuonyesha: kwamba kukatika hutokea kila saa nane mchana, au kila jenereta inapowashwa, au jengo moja tu.

Muuguzi hahitajiki kufanya hatua zote sita. Akizijua mbili za kwanza na kuyanakili maneno ya kosa kama yalivyo, simu yake kwa afisa TEHAMA itafupisha kazi kwa kiasi kikubwa. "Wodi ya watoto peke yake, taa ya swichi imezimika tangu saa tatu na dakika kumi" ni taarifa. "Mfumo unasumbua" ni malalamiko.

Fundi anapokuwa mbali

Mkoa wa Ruvuma ni mpana. Afisa TEHAMA aliyeko Songea anaweza kuhitajika kurekebisha seva ya kituo kilicho Tunduru au mwambao wa Ziwa Nyasa, naye hufanya hivyo kwa kuingia kwenye seva hiyo kupitia mtandao. Hapa kukatika kuna hatari ya namna yake. Kazi ndefu, kama kuboresha muundo wa kanzidata au kutengeneza nakala rudufu, ikiendeshwa ndani ya kikao cha kawaida cha mbali, huweza kufa pamoja na kikao na kuiacha kanzidata nusu ya zamani na nusu mpya.

Kinga zipo, na hazina gharama. Kazi ndefu iendeshwe ndani ya programu inayokishikilia kikao upande wa seva, kama tmux au screen; mawasiliano yakikatika kazi huendelea, na fundi akirudi huikuta ilipofikia. Nakala rudufu itangulie mabadiliko yoyote, na iwe imejaribiwa kurejeshwa, maana nakala isiyowahi kurejeshwa haijulikani kama ni nzima. Mlango wa kuingilia kutoka mbali upite katika njia iliyofichwa kwa usimbaji, wala kanzidata isiachwe wazi kwenye intaneti kwa kisingizio cha kurahisisha kazi. Na pawepo mtu mmoja kituoni anayejua kifaa kipi ni kipi, ili afisa akisema kwa simu "chomoa waya wa tatu", usichomolewe wa nne.

Karatasi bado ni kinga

Hakuna mfumo usiokatika. Kituo kilichojiandaa huwa na kisanduku cha dharura katika kila idara: fomu za vipimo, za dawa na za ufuatiliaji wa mgonjwa, kalamu, na daftari. Uongozi uweke muda maalumu, kwa mfano dakika kumi. Mfumo usiporudi katika muda huo, idara yote ihamie kwenye karatasi kwa pamoja, kwa tangazo la msimamizi wa zamu. Hali mbaya kuliko zote ni ile ambayo nusu ya wahudumu wanaandika kwenye karatasi na nusu wanaendelea kujaribu kompyuta, kwani hapo kumbukumbu ya mgonjwa mmoja hugawanyika sehemu mbili.

Kwa dawa za sindano na dawa zinazotolewa kwa saa maalumu, karatasi itangulie hata mfumo ukiwa mzima. Dozi, saa na sahihi vikiwa kwenye chati iliyo kando ya kitanda, muuguzi wa usiku hamtegemei seva ili kujua kilichotolewa asubuhi.

Mfumo ukirudi, yaliyoandikwa kwenye karatasi yaingizwe na mtu aliyepangiwa kazi hiyo, siku ileile, kwa saa halisi ya tukio, kwa maana saa ya kuingiza siyo saa ya kutoa dawa. Kabla ya kila ingizo jalada lisomwe kwanza, ili lililokwisha kuandikwa lisirudiwe. Karatasi ikishaingizwa iwekewe alama na kuhifadhiwa.

Siri ndani ya kikao kilichoachwa wazi

Kukatika mara kwa mara huzaa mazoea mabaya. Wahudumu waliochoka kuingia upya huamua kutumia akaunti moja ya mwenzao ambayo imefaulu kuingia, au kuacha kompyuta wazi mchana kutwa. Kikao kilichoachwa wazi ni jalada lililoachwa wazi kwenye benchi la kusubiria. Yeyote apitaye anaweza kusoma majibu ya kipimo cha VVU ya mtu anayemfahamu, na katika mji ambao watu wanajuana, madhara yake hayafutiki. Tena, dozi iliyoandikwa kwa akaunti ya mwingine haina mwenyewe: likitokea kosa, haijulikani aulizwe nani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kila mhudumu awe na akaunti yake na afunge skrini anapoinuka. Afisa TEHAMA naye atafute chanzo cha kukatika badala ya kurefusha muda wa vikao hadi vikose maana. Ukomo wa kikao ni mizani: ukiwa mfupi mno humkera daktari na kumpotezea kazi, ukiwa mrefu mno humfichua mgonjwa.

Mambo ya kuzingatia kwa mgonjwa

Mgonjwa aliyesafiri kutoka Namtumbo au Mbinga na kuambiwa kwamba mfumo umekatika ana haki ya kuelewa maana yake. Taarifa zake za nyuma kwa kawaida hazijapotea. Zimo kwenye seva, na zitaonekana mawasiliano yakirudi. Hali ya dharura haingojei mfumo: mwenye damu inayotoka, mwenye degedege, anayeshindwa kupumua na mama mwenye uchungu wa kujifungua huhudumiwa kwanza, na maandishi hufuata.

Yapo mambo machache ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya. Atunze kadi ya kliniki, karatasi ya dawa na majibu ya vipimo vya awali, na aje navyo kila mara. Ajue majina ya dawa anazotumia na dawa inayomdhuru. Amtajie mhudumu iwapo amekwisha kutoa damu ya kipimo au kupewa sindano siku hiyo, hata kama haonekani kuulizwa. Kauli ya mama kwamba "mwanangu alichomwa sindano asubuhi" inaweza kuziba pengo ambalo kompyuta haikuliona. Akitozwa mara mbili kwa huduma moja, aombe ankara ihakikiwe, kwa kuwa ombi lililotumwa mara mbili ni jambo linalowezekana.

Wahudumu nao wakumbuke kwamba foleni isiyoelezwa huzaa hofu. Sentensi moja yatosha: "Ndugu zetu, mfumo umesimama kwa muda, tunaendelea kuwahudumia kwa karatasi, na hakuna atakayepoteza nafasi yake."

Katika ule mfano wa wodi ya watoto, muuguzi aliyefundishwa haya hakubonyeza tena. Aliandika dozi na saa kwenye chati ya kitandani, akatia sahihi. Akatazama swichi ya korido, akaona taa imezimika, akampigia afisa TEHAMA. Mfumo uliporudi saa nne kasorobo, alifungua jalada la mtoto kabla ya kuandika chochote. Dozi ya saa tatu ilikuwamo. Lilipotea jibu tu. Saa tatu usiku, mwenzake wa zamu alisoma chati, akasoma mfumo, vikakubaliana, akatoa dozi ya pili.